Jiliwa la Bluu Nyuma ya Mlango

Kosa langu lilikuwa kununua jiliwa kwa sababu ya rangi yake. Nalisema mapema ili tusizungushane. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilikuwa na pesa niliyoihangaikia karibu mwaka mzima, nilikuwa na ushauri wa mtu anayejua vyuma, na bado nikaenda nikachukua kitu cha bluu kwa sababu kiling'aa kuliko vingine.

Mwezi wa sita uliopita nilirudi Mazwi kuiona nyumba ya bibi. Siku hizi anakaa mpangaji, dada mmoja anayeuza chapati asubuhi. Unaujua upepo wa Ufipa mwezi wa sita, unavyosukuma milango kama mtu anayedai chake. Mlango wa uani, ambao utoto wangu wote ulikuwa ukijibamiza, safari hii ulikuwa umetulia. Nikachungulia nyuma yake nione umezuiwa na nini. Lilikuwa jiliwa langu. Limekaa pale chini, zito, bado la bluu, rangi imebanduka upande mmoja tu.

"Hicho chuma nilikikuta humu humu," mpangaji akasema. "Kinafaa sana kwa mlango."

Nikacheka mpaka akaniangalia mara mbili. Baada ya miaka yote ile, limepata kazi linayoiweza.

Kama hujawahi kulitumia, jiliwa ni mdomo wa chuma unaokazwa kwa skrubu. Unabana kitu ndani yake, mikono yako miwili inabaki huru kukifanyia kazi. Seremala analo, fundi baiskeli analo, wengine huliita vaisi. Mimi nililitaka kwa ajili ya kitu kidogo kuliko vyote wanavyobana wao. Nilitaka kubana ndoano.

Ndoano zilikuwa za mjomba, kaka yake mama, mvuvi wa Kipili, kule ziwani. Alipanda kuja kwetu mara mbili au tatu kwa mwaka, juu ya lori la samaki wakavu, amevaa koti kubwa la mtumba lenye bitana nene, maana mtu wa ziwani akifika huku juu hutetemeka hata saa sita mchana. Harufu yake ilitangulia kuingia ndani, moshi na samaki, na bibi alikuwa ameshaanza kusonga ugali wa ulezi kabla hajamaliza salamu. Mjomba alivua migebuka kwa mshipi. Ni uzi mmoja mrefu wa nailoni wenye ndoano ishirini, na kila ndoano imefungwa unyoya mweupe wa kuku. Mshipi unashushwa, unavutwa kwa mikono, unaachiwa, unavutwa tena, na yale manyoya yanacheza majini kama dagaa wanaokimbia. Mgebuka anakuja mbio na kumeza. Hakuna chambo kingine.

Mwaka huo kidole gumba chake cha mkono wa kulia kilibanwa katikati ya mitumbwi miwili, kikapona kikiwa kigumu kama kijiti. Kushika mshipi aliweza. Kuzungusha uzi kwenye ndoano hakuweza tena. Na katika mtumbwi wao kila mvuvi alikuja na mishipi yake. Asiye na mshipi hana nafasi ya kukaa. Mwenye mtumbwi, ambaye wao walimwita tajiri, alimwambia wazi: msimu ukianza uwe na mishipi miwili iliyokamilika, la sivyo nafasi yako anachukua mwingine.

Alimweleza bibi haya tukiwa tunapukuchua mahindi, sisi watatu, tumezunguka kapu. Sikuruhusiwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa, lakini nilijikuta nimesema, "Nitazifunga mimi."

Mjomba akacheka. Kisha akaangalia mikono yangu. Kisha akaacha kucheka.

Aliniachia pakiti ya ndoano mpya na moja ya zamani iliyokwisha fungwa, ya kuigia. Hakuna aliyenifundisha. Niliifumua ile ya zamani polepole, nikahesabu mizunguko ya uzi, nikaandika kwenye daftari la hesabu: kumi na minne, unyoya, kumi na minne tena, fundo. Nikaifunga upya, nikaona haijanyooka, nikaifumua. Ugonjwa wangu huo ninao hadi leo. Siwezi kukiacha kitu kilicho kizuri nusu, na nikilala nakiona kwenye dari.

Tatizo lilikuwa kuishika ndoano. Ukiishika kwa mkono wa kushoto, unabaki na mkono mmoja wa kuzungusha uzi, na uzi hautaki mkono mmoja. Nilijaribu kuibana kwa meno. Nilijaribu vidole vya miguu, nimekaa mkekani, nimejikunja. Ilinichoma kila mahali. Bibi, ambaye alikuwa na desturi ya kuniita mume wake, alipita na ungo akaniona. "Mume wangu," akasema, "kwa mwendo huo utavuliwa wewe kabla ya samaki."

Manyoya yalitoka kwa jogoo wake mweupe, aliyemtunza kwa ajili ya sherehe ya kipaimara changu. Aliniruhusu ya mgongoni tu, machache kila siku. Jogoo akaanza kunikimbia nikitokea mlango wowote.

Jirani yetu alikuwa fundi baiskeli. Yeye ndiye aliyeniambia nahitaji jiliwa, na akanionya kwamba lake, kubwa kama kichwa cha mbuzi, lingeivunja ndoano. "Ukilinunua," alisema, "usiangalie mwili, angalia mdomo. Nenda na ndoano yako dukani. Ibane, ivute. Ikitoka, liache hapo hapo." Nikaitikia ndiyo. Pesa nilikuwa nayo kidogo, niliyoipata kwa kuwapelekea majirani mahindi mashineni, debe kwa debe, narudi nimekuwa mweupe kama mzimu.

Sasa lazima nikukumbushe maduka yetu yalivyokuwa, maana bila hilo utaniona mpumbavu kuliko nilivyokuwa. Nilipokuwa mdogo zaidi, nilisimama na bibi kwenye foleni ya sabuni na sukari. Ukifika mbele, unapewa kilichopo. Huulizi kama kuna cha aina nyingine. Hukigeuzi, hukinusi, unashukuru na kuondoka haraka kabla mwenye duka hajabadilisha mawazo. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vitu vikaanza kupanda kutoka Tunduma na kwingineko, na rafu zilizokuwa na vumbi zikajaa mpaka nje. Duka moja la vyuma karibu na soko likawa na majiliwa manne. Manne! Hatukuwa tumezoea kuchagua. Tulikuwa tumezoea kupata.

Nilikwenda kuyaangalia karibu kila siku nikitoka shule. Niliyachorea jedwali kwenye daftari: bei, uzito, mdomo, rangi. Ndiyo, rangi niliipa mstari wake. La kwanza lilikuwa jeusi, kubwa, bei yake haikunihusu. La pili lilikuwa kuukuu na mpini umevunjika. La tatu lilikuwa dogo kama kiganja changu, limejaa kutu, limetupwa kwenye boksi chini ya kaunta pamoja na misumari na funguo zisizo na kufuli. Hilo sikulihesabu hata kidogo. La nne lilikuwa la bluu. Jipya, na grisi bado ipo kwenye skrubu. Lilinukia kama kitu kilichotoka mbali.

Siku ya kununua nilikuwa na ndoano mfukoni, nimeiviringisha kwenye karatasi. Muuzaji akaniuliza, "Mdogo wangu, mwezi mzima unaangalia tu, leo unataka nini?" Watu wawili nyuma yangu wakacheka. Nikaingiza mkono mfukoni. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kumjaribia mtu mali yake mbele ya macho yake ni sawa na kumwambia wewe mwizi. Ndoano ikatoboa karatasi, ikanichoma kidole. Nikatoa mkono ukiwa mtupu.

"Naomba hilo la bluu," nikasema. "Asante."

Nyumbani nililifunga kwenye kibao, nikabana ndoano, nikaanza kuzungusha uzi. Ndoano ikazunguka pamoja na uzi. Nikakaza. Ikateleza. Nikaweka jicho karibu nikaona mwanga: ile midomo ilikutana pembeni tu, katikati iliacha upenyo mwembamba kama unywele. Kwa bomba au ubao isingekuwa neno. Kwa ndoano yangu halikuwa jiliwa, lilikuwa pambo.

"Linakamata?" bibi akauliza kutoka jikoni.

"Linakamata vizuri, bibi."

Hapo ndipo nilipokosea kweli. Kununua vibaya ni jambo dogo. Nilifunga ndoano arobaini kwenye jiliwa nililojua halikamati. Uzi ukivutwa sana ndoano inachomoka, kwa hiyo sikuuvuta sana. Na kwa kuwa nilijua umelegea, niliuficha. Niliongeza manyoya. Niliongeza uzi mwekundu kutoka kwenye kopo la bibi la kushonea. Mwishowe zilifanana na maua ya altareni, na bibi alizishika moja moja akisema mjukuu wake ana mikono ya dhahabu, na mimi nikaacha aseme. Zikaenda Kipili na dereva wa lori.

Wiki tatu baadaye mjomba alitokea, na haukuwa wakati wake wa kuja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba." Akaweka kopo mezani. Ndani kulikuwa na ndoano zangu, karibu zote uchi. "Kuku wako wamenyonyoka."

Alieleza bila kupandisha sauti. Alishusha mshipi, akauvuta mara ya kwanza, ya pili, na manyoya yakaibuka yenyewe na kuelea kuuzunguka mtumbwi. Wenzake wakamwuliza kama leo wamekuja kuvua au kuchinja. Mmoja akaomba apewe paja. Tajiri peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alimpa mjomba mpaka mwezi uandame, basi.

"Lete hilo jiliwa."

Nikalileta. Akaweka ndoano, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akaigusa kwa kile kidole kigumu. Ikaanguka mezani. Tulisikia sote ilivyolia, ti.

"Ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, wangeniamini. Lakini kidole kile kilikuwa mbele yangu.

"Nilijua tangu siku ya kwanza."

Bibi akahamia Kifipa, lugha yake ya hasira, na alikuwa na mengi ya kusema. Mjomba akainua mkono kumwomba apumzike kidogo. "Mama, ngoja." Akanigeukia. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa mtaona sifai."

"Sasa mimi nikiuziba mtumbwi, halafu tukiwa katikati ya maji nione unavuja pale pale nilipoziba, ninyamaze kwa sababu nimeziba mimi? Nani ataogelea?"

Akavuta sahani yake akala, akaniambia na mimi nile. Nakumbuka sana kwamba aliniambia nile.

Asubuhi tulikwenda dukani pamoja. Mjomba aliweka ndoano kumi juu ya kaunta, zote wazi, akasema, "Tunaomba kujaribu." Nilitamani sakafu ifunguke.

"Mzee, hapa si mnadani," muuzaji akasema.

Pembeni alisimama mfugaji mmoja, katika wale waliohamia na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga, amekuja kununua bolti ya plau. Akaingilia bila kuombwa. "Mwache ajaribu, bwana. Mimi ng'ombe simnunui mpaka nimfungue mdomo. Na ng'ombe anauma! Hilo lako linauma?"

Watu wakacheka, muuzaji naye akashindwa kujizuia. Akayashusha majiliwa. Jeusi lilikamata, lakini mdomo wake ulikuwa mnene, uzi haukupata pa kupita. Lile kuukuu liliachia. Muuzaji akaleta la bluu jingine, ndugu wa langu, akabana ndoano mwenyewe kwa fahari, akaivuta, ikamfuata mkononi. Akaiangalia kwa muda. "Kumbe," akasema.

"Na lile la boksini?" mjomba akauliza, akichungulia chini ya kaunta.

"Hilo? Hilo ni la fundi saa mmoja aliyehama. Limeoza."

Lilikuwa na kutu mpaka ndani ya skrubu. Mjomba akalikaza, akafunga uzi kwenye ndoano, akavuta. Akavuta tena kwa mikono miwili, akiegemea nyuma. Ndoano ikaanza kunyooka, ikanyooka kabisa kama sindano, lakini haikutoka.

La bluu letu muuzaji alikataa kulichukua tena, na mjomba hakuwa na pesa ya kuongeza. Kisha akavua koti lake, akaliweka juu ya kaunta.

Muuzaji akalipapasa bitana, akasitasita.

"Chukua, bwana," yule mfugaji akasema. "Baridi yote hii mtu amevua koti, unasubiri avue nini?"

Tulirudi nyumbani mjomba akiwa na shati tupu, upepo unampiga, anatembea haraka na kuimba ili asitetemeke. Nililia njia nzima, na alijifanya haoni. Bibi alimfunga kitenge chake mabegani, chenye maua makubwa ya njano, na kwa siku tatu alikaa hivyo jikoni kwetu kama bibi harusi. Majirani walikuja kuazima chumvi wasiyoihitaji, ili wamwone tu. Fundi baiskeli alilisugua lile jiliwa kwa mafuta ya taa mpaka skrubu ikazunguka laini, akalifunga kwenye kibao, hakutaka chochote.

Siku zile tatu ndizo ninazozirudia nikitaka kujituliza. Mimi nafunga. Mjomba anakata ncha za manyoya kwa wembe. Bibi amemshikilia jogoo kwapani, anamsemesha taratibu. Moto wa magunzi unalia, chungu cha maharage kinachemka, kengele ya kanisa inapiga adhuhuri. Ndoano ya kwanza niliijaza manyoya kama nilivyozoea, mjomba akayang'oa yote, akabakiza matatu. "Umeshamwona dagaa mwenye maua?" Nikakiri kwamba sijawahi kumwona dagaa akiwa hai. Akaweka wembe chini, akaigiza kwa kiganja dagaa anavyokimbia, anavyogeuka, anavyometa, bibi akacheka mpaka jogoo akaponyoka.

Kila ndoano niliyomaliza aliivuta mwenyewe. Nyingine nilitaka kuzifumua kwa sababu mzunguko mmoja ulikuwa umepanda juu ya mwingine. "Hiyo imetosha," alisema. Sikulijua neno hilo. Alilisema mara nyingi mpaka nikaanza kulielewa.

Akaondoka na ndoano arobaini na kitenge cha bibi. Kila lori la Kipili lilipofika nilikwenda kusimama mbali kidogo, nisiulize. Mwezi ukaandama, ukakua. Siku moja dereva akaniita kwa mkono, akanishushia tenga la migebuka ya kukaushwa, zito mpaka nilihitaji mtu wa kunitwisha.

"Mjomba wako anasema yupo mtumbwini," akasema. "Anasema zimeng'oka mbili tu, na hizo zimeondoka na sangala, lile samaki kubwa, kwa hiyo hakudai."

Bibi aliipika usiku uo huo kwa karanga, na kila jirani akawa mjumbe wa habari. Kwenye kipaimara changu jogoo alikuja mezani. Manyoya yake ya mgongoni yalikuwa yametutangulia ziwani zamani.

Mambo hayo hayapo tena. Bibi amepumzika. Kibanda cha fundi baiskeli kinauza vipuri vya pikipiki. Mjomba ni mzee, anakaa nchi kavu, na vijana wa Kipili aliowaacha wanapenda zaidi nyavu na taa. Ukiwaambia habari za manyoya ya kuku wanadhani unawatania. Maduka yamejaa kiasi kwamba hakuna mtoto atakayetembea mwezi mzima kuangalia majiliwa manne. Mimi natengeneza simu Mbeya, kazi niliyojifunza peke yangu kama ile ya kwanza, kwa kufumua na kuandika. Lile jiliwa la fundi saa lipo mezani kwangu, linabana vitu vidogo kuliko ndoano, na bado haliachii. La bluu nilimwachia mpangaji na mlango wake.

Wasiwasi haujaniisha, na bado nafumua kazi ambayo mteja ameshaisifu. Lakini siku hizi kabla ya kununua natoa ndoano mfukoni, na nikiharibu simu ya mtu, namwambia siku ile ile.